Mkono Uliobebeshwa Shingo

Kitaluni, 14 Februari

Shemeji Mkunga,

Salamu nitakupa mwishoni, karatasi ikibaki. Kwanza pokea habari kwamba sijafa. Ile nguo nyeusi uliyoitoa kabatini irudishe, na kama umeshaipiga pasi, pole kwa mkaa.

Unalijua rovu langu. Wewe ndiye uliyesimama kwenye arusi ya mwanangu ukawatangazia watu kwamba shemeji yako amemeza boga zima na limekwama njiani. Basi boga limetoka. Wamenipasua Jumanne ya wiki juzi, wakaondoa tezi yote ya shingo, pande zote mbili, maana vinundu vilikuwa vimebanana na vimeanza kunikaba koo. Nimebaki na mstari mmoja tu, umenyooka kama mkunjo wa suruali ya karani.

Nakuandikia kwa sababu sauti bado iko likizo. Jana nilimpigia simu muuza mbolea, nikasema haloo, akanijibu: "Mtoe huyo bata kwanza, ndipo tuongee." Daktari anasema itarudi, nisiilazimishe.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Hiyo tezi, kumbe, ndiyo jiko la mwili. Ikiondolewa unapoa, unakuwa mzito na mjinga, isipokuwa umeze kidonge kila asubuhi kabla ya kula mpaka siku ya kuzikwa. Na duka la dawa la huku kwetu unalijua: kidonge kipo siku ambayo muuzaji ameamka vizuri. Mwanangu Mwalimu aliposikia hivyo alikunja mikono kama yuko mbele ya darasa la tatu, akasema: "Baba, hilo limekwisha. Unafunga kitalu, unakuja mjini kukaa kwangu, karibu na hospitali." Kwake, shemeji! Ghorofa ya tatu! Nikapande miche kwenye sinki?

Hapo ndipo daktari, binti mdogo ambaye mikono yake haijui kutetemeka, aliponiuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nabebesha michungwa. Nachukua jicho la mchungwa mtamu, nalipachika kwenye shina la mlimau, nafunga utepe, nasubiri vishikane. Mwaka wa arobaini na moja huu.

Akacheka. "Basi Mzee utanielewa kuliko wagonjwa wangu wote. Kuna sehemu ya tezi yako inaonekana nzima. Darubini ikithibitisha kwamba haina ubaya wowote, nitaikata vipande na kuvipachika kwenye msuli wa mkono wako. Vikishika, vitafanya kazi ya tezi vikiwa hukohuko mkononi."

"Vipande vinene au vyembamba?"

"Vyembamba. Kama ukucha."

"Hapo sawa. Kikiwa kinene kinakufa kwa kiu kabla shina halijakipa maji."

Akanitazama. "Nani kakwambia?"

"Mlimau."

Nikamuuliza amebebesha watu wangapi. Mimi ni wa tatu. Wangapi walishika? Mmoja vizuri, mmoja nusu. Nimempenda kwa hilo tu. Mbebeshaji anayesema yote imeshika huyo ni mwongo na miche yake ni milimau mitupu.

Basi nimepachikwa vipande vitano, mkono wa kushoto, maana wa kulia ndio unaoshika kisu. Kila mahali ameacha kifundo cha uzi wa bluu ndani ya nyama ili apajue. Mwalimu nimepatana naye hivi: mkono ukishika, nabaki kitaluni. Usiposhika, mwezi wa kumi anakuja na gari kunihamisha pamoja na godoro.

Karatasi imekwisha. Salamu utazipata siku nyingine.

Shemeji yako,
Mzee Viriba

*

Nyumbani, 2 Machi

Shemeji Viriba,

Nimefurahi hujafa, ingawa pasi nilikuwa nimeshapiga.

Mwalimu nilimpokea kwa mikono hii akitoka tumboni mwa dada yangu, na alitoka miguu kwanza, kwa hiyo ukaidi wake haunishangazi. Na ukaidi wenyewe si wa upande wetu. Lakini hoja yake ina uzito. Huko uliko, tangu dada atutoke, ukianguka asubuhi wa kukuona ni miche.

Kidonge kimeze na maji matupu, siyo na chai. Mkono usiusugue, usiubonyeze, usiufungue uone kama umechipua. Nakufahamu: kitu kikifungwa utepe mbele yako kidole kinakuwasha. Nimezalisha wanawake miaka arobaini na mitano na sijawahi kuona mtoto aliyewahi kutoka kwa sababu baba alichungulia.

Goti langu bovu linakusalimia. Mimi sijakusalimia, nasubiri zangu za Februari.

Mkunga

*

Kitaluni, 20 Aprili

Shemeji Mkunga mwenye goti,

Sauti imerudi. Si ileile, imeongezeka mkwaruzo kidogo wa kiume, hata muuza mbolea ameniita "bwana" kwa mara ya kwanza. Nafanya kazi siku nzima. Jana nimejaza viriba mia mbili na hamsini vya udongo, nikaosha vikombe, nikamfukuza na mbuzi wa jirani. Vidonge navimeza. Mkono sijauchungulia, nalalia upande mwingine kama mke mwenye hasira.

Nilikwenda kwa daktari wiki iliyopita. Damu ni nzuri. Nikamuuliza, nzuri kwa sababu ya mkono au kwa sababu ya kidonge? Akasema kwa sasa hawezi kujua, kidonge kinafunika kila kitu. Alikuwa anataka kuniambia neno jingine, akaitwa chumba cha upasuaji akakimbia. Nimerudi nyumbani nalifikiria hilo la kufunika.

Maana sisi kitaluni, shemeji, jicho likishashika hatuachi mambo hivihivi. Tunaukata mlimau kichwa juu kidogo ya jicho. Usipoukata, mlimau unaendelea na majani yake, unakunywa maji yote, unatamba, na jicho langu tamu linakaa pale pembeni limelala kama mgeni asiyekaribishwa mezani. Ukiukata kichwa, mti unashtuka, unatafuta pa kutokea, jicho linaamka.

Sasa najiuliza, kidonge si ndicho kichwa cha mlimau? Mkono utaamkaje wakati kila asubuhi naulisha uvivu? Na Oktoba haiko mbali.

Nauliza tu. Mimi ni mtu wa darasa la tano.

Mzee Viriba

*

Nyumbani, 29 Aprili

Shemeji,

Wewe hujawahi kuuliza tu. Ulipomuuliza baba yetu "tu" kama dada ana mchumba, barua ya posa ilikuwa tayari mfukoni.

Usikate kichwa cha chochote kilichomo ndani ya ngozi yako. Swali lako ni zuri, kwa hiyo mpelekee mwenye kulijibu. Binti yule ana simu, na wewe sauti sasa unayo. Mpigie kesho. Ukikaa kimya nitajua.

Mkunga

*

Kitaluni, 30 Mei

Mpendwa Shemeji,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo. Huku kuna baridi.

Nimepokea barua yako. Nakushukuru kwa ushauri wako mzuri. Nimeuzingatia.

Nimebebesha miche arobaini wiki hii. Kazi ilichukua siku nne. Mikono mizito kidogo, nadhani ni umri.

Nakutakia afya njema.

Shemeji yako

*

Nyumbani, 6 Juni

Wewe mzee,

Umeniita "mpendwa". Umenishukuru kwa ushauri. Barua nzima haina tusi hata moja, goti langu hukulitaja, na hukutia sahihi kwa jina lako la utani. Nimeisoma nikakaa kitini.

Baridi gani? Huku kwetu na huko kwenu kote ni jua moja, mimi nalala bila shuka. Miche arobaini siku nne? Wewe huimaliza kabla ya saa sita mchana, halafu unatafuta wa kumchokoza. Na mwandiko wako umelegea, mstari wa mwisho umeteremka kama umeshindwa kupanda kitanda.

Umeacha vidonge. Umeacha tangu mwanzoni mwa Mei, nimepiga hesabu.

Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi. Mimi nakuja na la mchana, kwa hiyo una saa nne za kuogopa. Zitumie kutafuta soksi. Daktari nimeshampigia. Mwalimu sijamwambia; hilo nakuachia wewe mwenyewe, kwa kinywa chako.

Mkunga

*

Hospitali, 24 Juni

Mzee wangu,

Shemeji yako ameniomba nikuandikie, anasema maneno ya mdomoni unayageuza utani lakini maandishi unayaheshimu.

Ulipoletwa hapa mapigo ya moyo wako yalikuwa ya mtu aliyelala, na ulinijibu kila swali kwa "ndiyo, asante". Manesi wanaokukumbuka Februari walidhani nimepokea mgonjwa mwingine. Kichwani kuna kiamshi kinachotumwa kupitia damu kwenda kuiamsha tezi. Chako kilikuwa kimepanda mno, maana yake mwili ulikuwa unapiga kelele na hakuna aliyeitika vya kutosha. Ungeendelea wiki chache hivyo, nisingekuandikia, ningemwandikia mwanao.

Sasa nisikilize. Fungua faili lako utakapokuja, ukurasa wa kwanza. Nimeandika hapo siku ileile niliyokupasua: "Mwezi wa tano baada ya upasuaji: punguza kidonge kidogokidogo, pima damu kila wiki mbili, ili vipande vilivyopachikwa viamke." Hilo ndilo neno nililotaka kukuambia Aprili nikaitwa. Kosa la kutokumalizia siku ile ni langu, nakuomba radhi.

Ulichowaza kilikuwa sahihi, Mzee. Ungeniuliza, ningekubali. Ila wewe uliwahi, ukakata kichwa chote siku moja, na hukumwambia mwenye mti.

Umerudi kwenye kidonge kizima. Agosti tutaanza kupunguza, kwa vipimo. Oktoba tutapiga picha. Na tafadhali usiwaambie wagonjwa wa wodi ya tatu habari za milimau tena. Wawili wameniuliza kama wafungwe utepe.

Daktari wa Shingo

*

Kitaluni, 10 Julai

Shemeji Mkunga, askari usiye na sare,

Tangu uondoke nyumba imetulia na sufuria zimeacha kulia. Nimekuta umehamisha chumvi. Nimeirudisha.

Niseme lile ambalo ulipokuwa hapa sikulisema, kwa sababu ulikuwa unaongea wewe. Kile kikopo cha tepe ulichokifungua ukakuta vidonge thelathini na kimoja, ulidhani nilivificha usivione. Wewe ulikuwa mbali, ningekuficha nini? Nilivificha nisivione mimi. Kila asubuhi nilikuwa nakiweka kimoja mle, najiambia leo mkono utaamka kwa lazima. Mwanzoni nilijiona mjanja. Baadaye nikawa sijioni kabisa. Unajua ilivyo? Kama mtu amepunguza redio, si yako, ya dunia nzima. Mbuzi wa jirani alikula miche mitatu mbele yangu, nikamtazama, nikaona ana haki yake.

Na jambo kubwa nimelihifadhi liwe la mwisho. Ile miche arobaini ya Mei. Jana nimefungua tepe.

Jicho la mchungwa, shemeji, lina juu na chini. Mtoto anayejifunza siku ya kwanza hufundishwa hilo kabla hajapewa kisu. Mimi, miaka arobaini na mmoja, nimepachika macho yote arobaini kichwa chini. Yote! Hata kwa kubahatisha ningepata nusu. Mengi yamekauka. Tisa yameshika, na yameanza kuota kuelekea ardhini, yanatafuta njia ya kurudi kwa mlimau.

Nilikaa juu ya debe nikacheka mpaka mstari wa shingo ukaniuma. Halafu sikucheka. Hospitali hawakuniogopesha, wala mapigo ya moyo. Arobaini kichwa chini ndiyo iliyoniogopesha. Hicho kitalu ninachokipigania nisihame, mtu aliyekuwa anakiendesha Mei hakuwa mimi.

Basi: umenikomesha. Sitarudia kuandika neno hilo, kwa hiyo kata kipande hiki ukakitie fremu.

Mwalimu bado sijamwambia.

Mzee Viriba

*

Nyumbani, 21 Julai

Shemeji Viriba,

Fremu nimeshanunua. Chumvi irudishe nilipoiweka, inapata unyevu kule kwako.

Kuanzia leo kipimo changu ni kimoja. Daktari apime damu, mimi nahesabu matusi. Barua yenye chini ya matano, napanda basi. Hii ya mwisho ilikuwa na mawili na nusu lakini nimeihurumia kwa sababu ya miche.

Ile miche tisa usiing'oe. Na Mwalimu mwambie kabla hajaja na gari, siyo baada ya kusikia honi.

Mkunga

*

Kitaluni, 18 Oktoba

Shemeji Mkunga, mwizi wa nafasi ya chumvi, kobe wa goti moja, mtangaza maboga wa arusi za watu,

Hayo matatu yako mlangoni, mengine utayakuta ndani. Habari ni hizi.

Tangu Agosti kidonge kilipunguzwa kizima, robo tatu, nusu, na kila wiki mbili damu yangu ikavutwa na nesi mwenye mkono kama wa kwako, yaani wa kuchinja. Wiki jana nikaenda kupigwa picha. Wanakunywesha dawa fulani, halafu mashine inakutembelea mwili mzima taratibu, na popote penye tezi hai panawaka kwenye kioo. Daktari akanigeuzia kioo nione mwenyewe. Shingoni giza tupu. Kifuani giza. Nikaanza kusema moyoni haya, godoro hilo mbioni. Mashine ikafika mkono wa kushoto.

Taa moja. Ya pili. Ya tatu. Ya nne, ndogo, lakini ipo.

"Vifundo vitano, taa nne," akasema daktari, na sauti yake ndiyo iliyokuwa ya bata safari hii.

"Mimi kwa siku mbaya napata tatu kwa tano," nikamwambia. "Karibu kitaluni, nitakuajiri."

Lakini usiitoe fremu ukutani bado. Imeshika, haijatosha. Vipande vile vinafanya kazi ya nusu ya tezi, nusu nyingine nameza. Nusu kidonge kila asubuhi, pengine robo mwakani, pengine nusu hivihivi maisha yote. Daktari ananipa vya miezi mitatu kwa mkupuo, kwa hiyo muuza dawa na aamke atakavyoamka. Nikamuuliza kama kukata kwangu kichwa kule Mei kulisaidia kuviamsha. Akasema hatajibu swali hilo hata mbele ya hakimu.

Jumamosi Mwalimu akaja na gari. La kukodi, la kubebea mizigo, na kamba ya godoro mkononi. Hakupiga honi, maana nilikuwa nimesimama getini namngoja. Nikamwambia kabla hajafunga mlango: "Mkono umeshika nusu. Na kuna jambo la Mei hukuambiwa." Nikamweleza lote, shemeji. Kikopo, soksi, basi lako la mchana, ndiyo-asante. Nilitazama viatu vyake muda wote, kwa hiyo naweza kukueleza kwamba vinahitaji soli.

Akakunja mikono. Ndiye mwanangu, hiyo mikono naijua, inakunjwa kabla ya neno "Baba, hilo limekwisha."

Nikampeleka nyuma ya banda kwenye ile miche tisa. Laiti ungeiona ilivyogeuka! Ilianza kwenda chini, ikafika urefu wa kidole, ikajikunja yenyewe kama kiwiko, sasa yote inaelekea juu, ina majani mabichi, na ile sehemu iliyojikunja ndiyo nene kuliko zote. Nikamwambia: "Hii niliibebesha mimi, kichwa chini. Arobaini. Nikikosa tena hivi, sitangoja gari, nitakuja na godoro kichwani mwenyewe."

Akachuchumaa. Akashika kiwiko cha mche mmoja kwa vidole viwili, hivyo nilivyomfundisha akiwa na miaka saba. Akasema: "Baba, nina miaka arobaini na minne. Leo ndiyo mara ya kwanza unaniambia kwamba umekosea."

"Nilikuwa sijakosea bado."

Alicheka, mjinga yule, akashindwa kujizuia, akakaa chini kabisa na suruali yake ya Jumamosi. Halafu akataka mambo mawili. Kila Jumapili nimpigie simu nimweleze ukweli, mzuri na mbaya, na kwa sauti, siyo kwa barua zangu za mzaha. Nimekubali. La pili, shule yake ina ua mtupu wenye vumbi na jua kali, anataka miche.

Kwa hiyo gari lililokuja kunihamisha limerudi mjini na michungwa sitini, na ile kamba ya godoro ndiyo iliyofungia viriba visilale. Katikati, mbele kabisa, ameweka mmoja wa kiwiko. Anasema atawaonyesha watoto. Nimemkataza asiwaambie nani aliupachika. Atawaambia, namjua, alitoka miguu kwanza.

Mmoja mwingine wa kiwiko nimempelekea daktari. Wa tatu ni wako, dereva wa basi la asubuhi amepewa, mnyang'anye kabla hajauza. Uupande mbali na goti lako visije vikaigana.

Nimehesabu matusi nimefika tisa, mengine yamejificha. Asubuhi hii nimebebesha miche hamsini kabla ya saa nne, yote kichwa juu, nimehakikisha mara mbili. Na karatasi, ajabu, imebaki. Haya basi, shemeji, zipokee zako za tangu Februari:

Hujambo?

Mzee Viriba